Huyo ni pange, siyo mbung'o

Mkuu, umeuliza kama nzi uliyempiga picha mgongoni mwa ng'ombe wako huko Kaliua ni mbung'o, na unataka jina lake kamili la kitaalamu. Mbung'o siyo. Ni pange. Jina la spishi siwezi kukupa kwa picha hiyo moja, na atakayekupa anabahatisha.

Mimi nafuga nyuki upande wa Sikonge, na porini wote wawili wanatuuma, kwa hiyo nimezoea kuanza na mabawa. Mbung'o akitua hulaza bawa moja juu ya lenzake kama mkasi uliofungwa, na mdomo wake huchomoza mbele. Wa kwako mabawa yameachana, mgongo unaonekana, na macho yamechukua karibu kichwa chote. Tena macho hayo hayajagusana, kuna ufito mwembamba katikati: huyo ni jike. Kwa pange jike ndiye anayenyonya damu. Dume hufyonza maua, na macho yake kwa kawaida hukutana. Mbung'o wanauma dume na jike.

Mabawa yake ni maangavu yasiyo na alama. Yangekuwa na madoadoa ya kijivu na ameyalaza kimteremko, ningesema Haematopota, jenasi (kundi la spishi) mojawapo ya pange; yangekuwa na mkanda mweusi, na vipapasio virefu, ningesema Chrysops, jenasi nyingine. Basi namweka kwenye jenasi ya Tabanus au ndugu zake wa karibu, na hapo nasimama. Kutoka Tabanus kwenda kwenye spishi unahitaji umbo la lile baka dogo linalong'aa kwenye ufito wa katikati ya macho, na pingili za vipapasio. Picha ya kutoka juu haioneshi hayo. Ukimpata mwingine mpige uso kwa mbele, kisha ubavuni, kisha bawa, na rula pembeni. Mpige akiwa hai, maana mistari ya rangi machoni hufifia akishakufa.

Ila usimpuuze kwa sababu siyo mbung'o. Malale kwa binadamu huletwa na mbung'o, sawa, lakini pange akifukuzwa kabla hajashiba huhamia ng'ombe wa pili na damu mbichi mdomoni, na vimelea vya nagana (malale ya mifugo) huweza kupita hivyo. Kama kuna ng'ombe anayekonda na nywele zimesimama, mwite mtaalamu wa mifugo apime damu wiki hii, usisubiri jina la nzi.