Maswali na majibu ya gesi: poza kwanza, ndugu yangu

Barua za safari hii nyingi zimetoka Kisumu na Bungoma, na karibu nusu yake zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: namna ya kuiruka hatua ya kupoza gesi itokayo kwenye makaa ya mawe au magunzi kabla ya kuitumia. Nimechagua chache.

Mzee, mimi ni mhunzi wa Kibuye, Kisumu. Nataka kuoka makaa ya mawe ndani ya pipa nipate koki (yale makaa magumu yanayobaki baada ya kuoka) ya kuyeyushia chuma, na ule moshi niupeleke kwa paipu moja kwa moja hadi jikoni kwa mama watoto. Itafaa?

Hapana. Kwanza huo si moshi, ni gesi chafu. Kiwandani makaa ya mawe huokwa bila hewa kwenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi, kwa saa 16 hadi 20, na tani moja hutoa takriban robo tatu ya tani ya koki na mita za ujazo 300 na ushei za gesi. Gesi hiyo hutoka imebeba mvuke wa lami, amonia, naftalini, gesi ya mayai viza (haidrojeni salfaidi), na benzeni ambayo huleta saratani ya damu. Ikipoa ndani ya paipu yako, lami itadondoka humohumo, na baada ya siku chache hata pumzi haitapita. Zaidi ya nusu ya gesi yenyewe ni haidrojeni. Hewa ikijipenyeza kwenye pipa lililoziba, utasikika hadi Kondele.

Na hata ukiisafisha yote hayo, bado hubaki kama asilimia 6 ya kaboni monoksaidi, sumu ambayo haina harufu. Nimeandika humu hadi nimechoka: pua si kipimo. Mama watoto mwache na jiko lake, na dirisha liwe wazi.

Halafu, hayo makaa umeyatoa wapi? Si kila makaa ya mawe huwa koki. Yanatakiwa yawe ya aina inayolainika na kushikamana kwenye joto, la sivyo utafungua pipa ukute vumbi.

Mwalimu, najiandaa kwa mtihani wa politekniki hapa Nakuru. Kwa nini gesi inayotoka tanurini hunyunyiziwa maji ya moto ya nyuzi 75 hivi? Si maji baridi ndiyo hupoza?

Hili ndilo swali lililonifurahisha mwezi mzima. Kinachopoza pale si ubaridi wa maji, ni kule kugeuka kwake kuwa mvuke. Kilo moja ya maji ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 80 hunyonya kilojuli 250 tu, lakini ikigeuka mvuke hunyonya zaidi ya 2,200. Maji yaliyokwisha kupata moto huwa tayari kuruka mvuke mara tu yanapoguswa na gesi. Ndiyo maana gesi inayotoka na nyuzi 700 au 800 hushuka hadi 80 hivi palepale kwenye kona ya bomba, kabla haijafika mbali.

Sababu ya pili ni lami. Kwenye nyuzi 75 lami hutiririka pamoja na maji. Ukiimwagia maji baridi itakakamaa kama barabara, na utaitoa kwa tindo. Tena hayo si maji ya mfereji. Ni maji ya amonia yaliyotoka kwenye gesi yenyewe. Hutuama kwenye tangi, lami huzama chini kwa kuwa ni nzito kuliko maji, na maji ya juu hurudishwa kunyunyizia tena.

Kisha ndipo maji baridi hupata kazi, kwenye kipozaji kikubwa, ambamo gesi huteremshwa hadi nyuzi 25 hivi. Mvuke wa maji hudondoka, lami nyingine hudondoka, na gesi husinyaa, kwa hiyo mashine ya kuivuta haibebi mzigo wa bure. Lami iliyobaki kama ukungu hunaswa kwa umeme, amonia hunaswa kwa maji au kwa asidi ya salfa (mbolea ya SA ya shambani, yaani salfeti ya amonia, ilipatikana hivyo miaka mingi), na benzeni hunyonywa kwa mafuta. Kiberiti (salfa) kilichomo kwenye gesi ya mayai viza nacho hutolewa, mahali pake panategemea kiwanda. Kupoza ndiko kusafisha kwa kwanza. Andika hivyo, na mtahini akikukata alama mlete kwangu.

Gesi hii ndiyo ile ya mtungi?

Hapana. Ya mtungi ni propani na butani. Nimelijibu mara nne.

Eti vidonge vya kufukuza nondo kabatini vilitokana na lami ya makaa ya mawe? Kakamega.

Kweli kabisa, na mimi naichukia harufu yake kwa sababu nyingine. Zamani, nikiwa mafunzoni India, asubuhi moja ya baridi gesi iligoma kufika kwenye vichomeo. Tulipofungua paipu tulikuta fuwele nyeupe zimejaa kama barafu ya friji. Ilikuwa naftalini, hiyohiyo ya vidonge vya nondo. Kipozaji kilikuwa na uchafu, gesi ikapita na nyuzi 40, ikaibeba naftalini yake hadi paipu za nje na kuiacha huko usiku. Tulipuliza mvuke kutwa nzima. Kumbe fundi wa zamu alikuwa amefunga nusu ya maji ya kupozea, eti anaokoa pampu.

Fundi, jiko langu la biogesi linaliwa na kutu na gesi inanuka mayai viza. Mama wa Njoro.

Mama, weka chombo cha waya wa kusugulia sufuria ulioshika kutu, gesi ipite humo. Kutu hushika kiberiti na kuwa nyeusi. Itoe, uianike, itarudi kuwa nyekundu. Watu wa gesi ya makaa ya mawe walifanya hivyo zamani, kwa kutu iliyochanganywa na takataka za randa. Ila usiirundike karibu na nyasi kavu: hujipasha moto yenyewe na huweza kuwaka. Iloweshe. Paipu nayo ilaze kwa mteremko, na pale chini kabisa weka valvu ya kutolea maji.

Ukipita Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini, ukanusa mayai viza, pua yako bado inafanya kazi. Hofu ianze harufu inapotoweka ghafla, maana gesi hiyo ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni huiua pua kwanza. Asiingie mtu kwenye shimo la mtambo wa biogesi, hata kwa dakika moja.

Injini yangu ya posho mill natumia gesi ya magunzi. Naiosha kwa maji, kisha maji nayamwaga mtoni, lakini valvu zinanata kila wiki. Niweke oili gani? Bungoma.

Oili haina kosa, kinachonata ni lami ya gesi isiyopozwa. Kausha magunzi, na gesi ya mwanzo ichomee nje mpaka iwake safi. Kisha ipitishe kwenye paipu refu lisilofunikwa, na baadaye kwenye kichujio cha unga wa mbao. Gesi iliyopoa hubanana zaidi, kwa hiyo injini nayo itapata nguvu.

Umesema kwa kupitia tu kwamba maji ya kuoshea unayamwaga mtoni. Yana fenoli, ambayo ni sumu. Hata viwanda vya koki hulazimika kuyatoa amonia kwa mvuke na kuyalisha bakteria kabla ya kuyaachilia, na wewe unayapeleka kwa watu wanaochota chini yako. Acha leo.

Koki ya hapa Kenya hutoka wapi, na ni bei gani?

Kwa meli, kupitia Mombasa. Makaa ya mawe ya Mui, Kitui, bado yamelala ardhini. Bei muulize anayeuza.