Shangazi, kila ninachoamua huharibika

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 36 na nikitazama nilikotoka naona makosa matupu. Niliacha kazi ya kudumu nikahamia kampuni mpya, ikafungwa baada ya mwaka. Nikamkopesha rafiki yangu karibu akiba yote. Sasa hapokei simu. Nilichopatia ni gari tu: nililinunua jioni moja kwa mtu aliyekuwa anasafiri, na mpaka leo halijanisumbua. Sasa binamu yangu anataka tuingie ubia katika biashara yake, na anasema nimjibu kabla ya Ijumaa. Silali. Najilaumu kwa sababu moyoni nilijua tangu mwanzo kwamba ile kampuni haitadumu. Nifanyeje nisikosee tena?*

Marahaba mwanangu. Hukujua. Barua yako ni ndefu, hapo juu nimeifupisha, lakini mwenyewe umenisimulia kwamba kabla ya kuhama uliusoma mkataba mpaka mwisho, ukawauliza wafanyakazi wawili wa pale kama mishahara inatoka kwa wakati, na ukamshirikisha mumeo. Nani hufanya yote hayo kwa kampuni anayojua inakufa?

Akili hutuchezea hivyo sote. Mwaka 1972, kabla Rais Richard Nixon wa Marekani hajazuru China na Umoja wa Kisovieti, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwauliza wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo kadhaa kutokea katika ziara hizo. Baadaye wakawataka wakumbuke walichokuwa wamekadiria. Kwa mambo waliyoamini yametokea, wengi walikumbuka kwamba waliyapa nafasi kubwa kuliko walivyokuwa wameandika. Hawakuwa waongo. Matokeo yalikwisha kuingia kichwani, yakajifanya yalikuwepo siku zote.

Kwa hiyo ukirudi nyuma, usiulize mambo yaliishaje. Uliza siku ile ulijua nini, ulishindwa kuuliza nini, na nani alikuwa amekukalia mbele akisubiri jibu. Ukilipima hivyo, suala la kazi uliliamua vizuri ila likaishia pabaya, kama yanavyoishia mengi.

Gari ndilo linalonitia wasiwasi. Unajisifia, lakini hukumpelekea fundi alikague, hukuhakiki kadi ni ya nani, ukatoa hela kwa sababu muuzaji alikuwa na begi mkononi. Ulibahatika, basi. Na sasa angalia ule mkopo: rafiki alikuja usiku, akalia, ukaona haya kumwambia akupe siku mbili ufikirie. Gari na mkopo ni uamuzi wa aina moja, mwanangu. Mmoja umekutoa machozi na mwingine unakupeleka kazini kila asubuhi, ndiyo maana hukuuona ufanano wao. Wewe si mtu wa kuamua vibaya. Mtu akikuharakisha uso kwa uso, huulizi tena.

Na binamu naye anataka jibu kabla ya Ijumaa! Kwani Ijumaa kuna nini? Muulize hivyo hivyo, kwa upole. Kama kuna sababu ya kweli ataitaja. Mwambie utamjibu baada ya kuona hesabu za biashara, madeni yake, na maandishi yanayoeleza mmoja wenu akitaka kujitoa itakuwaje. Akinuna, undugu wenu hautakufa kwa hilo, na utakuwa umejua jambo kuhusu mbia wako mapema.

Kabla hujampa jibu lolote, chukua daftari uandike tarehe, unachokijua, usichokijua, unachotarajia kitokee ndani ya mwaka, na hali yako siku hiyo: umechoka, una hamu, unamwonea haya? Andika na sababu inayokuvuta zaidi, hata kama inakuaibisha. Nusu ukurasa watosha. Baada ya mwaka ufungue usome, iwe mmefaidika au mmepata hasara. Ukifaidika ndipo usome kwa makini zaidi, maana hapo ndipo huwa tunajipa sifa zisizo zetu.

Usiku, majuto yakikuamsha, usijadiliane nayo kitandani. Saa hizo hakuna hoja mpya inayokuja.

Kuhusu rafiki yako, mtumie ujumbe wa maandishi utaje kiasi, siku uliyompa, na tarehe unayotaka aanze kulipa kidogo kidogo. Asipojibu, mwombe mtu mzima mnayemheshimu wote awakutanishe. Hilo lifanye hata kesho.