Upepo wa kisogoni: kwa mliohamia visiwani na watoto

Mkihamia huku Namayingo, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, iwe Sigulu, Lolwe au kisiwa kingine chenye mwalo, yaani ufuko wa kuegeshea mitumbwi ya uvuvi, onyo la kwanza mtakalopewa ni la dhoruba. Mtasimuliwa radi za usiku na mawimbi yanayozamisha mitumbwi iliyojaa watu. Yote ni kweli. Lakini watoto wanaochukuliwa na mtumbwi mdogo wa tanga kwa kawaida hawachukuliwi siku ya dhoruba, maana siku hiyo hakuna mtoto anayethubutu kusogelea maji. Wanachukuliwa asubuhi nzuri, jua limeshatoka, maji ya ufukweni yametulia tuli, na watu wazima wamelala.

Hayo ya kulala yana sababu yake. Wavuvi wa dagaa wanakesha na taa ziwani, wanarudi alfajiri, wanauza, wanajitupa kitandani. Akina mama wako kwenye chanja wakianika. Mwalo unabaki mikononi mwa watoto, na mitumbwi imejipanga hapo mbele yao.

Sasa upepo. Ziwa hili lina karibu kilomita za mraba 68,800, na maji mengi kiasi hicho hujitengenezea upepo wake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya bara hupanda, na upepo huingia kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unageuka na kwenda ziwani mpaka asubuhi imeshakolea. Wavuvi wa tanga wanaishi kwa ratiba hiyo: alfajiri inawatoa, alasiri inawarudisha. Kisiwani mambo ni magumu zaidi kidogo, kwa kuwa upepo uleule unaokuletea mtumbwi upande huu unautoa upande wa pili. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna upepo. Uliza unatoka wapi, na wewe umesimama upande gani.

Kuna kipimo ninachowafundisha wageni wote, walimu na wahudumu wa afya wakiwemo. Simama ukingoni uangalie ziwa. Kama upepo unakugonga kisogoni, tazama maji yaliyo mbele yako. Karibu na nchi yatakuwa laini, kwa sababu miti, nyumba na mawe vimeyakinga. Mbele kidogo utaona mstari ambapo maji yanageuka kuwa meusi na kuanza kukunjamana. Pale ndipo upepo unaposhukia. Mtoto anayecheza ndani ya mstari huo anajiona yuko salama kabisa, na mama anayemtazama naye anaona hivyohivyo. Akiuvuka, kila dakika ziwa linakuwa gumu kuliko dakika iliyopita, na kurudi ni kupiga kasia dhidi ya upepo. Mkono wa mtoto wa miaka minane hauwezi. Mgeni akifika anauliza wapi ni pazuri kwa watoto kuogelea, anaonyeshwa upande wenye maji matulivu, na asubuhi upande huo ndio wenye hatari hii.

Kuhusu mtumbwi wenyewe, sina mjadala: tanga na foromali yake, ule mti unaolishikilia, hurudi nyumbani kila siku. Ni viroba vilivyoshonwa tu, si mzigo. Mtumbwi mtupu usio na tanga, kwa upepo wa kawaida, unaweza kusogea kama kilomita 1 hivi kwa saa; ukiwa na tanga, hata lililotwekwa vibaya, unakimbia mara kadhaa ya hapo. Kasia je? Wako wazee wanaosema toa kila kitu, mtoto akikuta mtumbwi hauna kasia hataingia. Mimi sikubaliani nao. Mtoto haingii mtumbwini kwa sababu ya kasia, anaingia kwa sababu ni mtumbwi. Acha kasia moja kuukuu na jerikeni iliyokatwa ya kutolea maji, zote zimefungwa kwa kamba chini ya ubao wa kukalia. Halafu uvute mtumbwi mpaka mchanga mkavu. Tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020, mialo mingi ilipoteza miti na nguzo za zamani za kufungia, na watu wakazoea kuegesha mtumbwi nusu majini. Huo hauhitaji hata mtoto mtundu. Watatu wakikaa ndani kucheza dereva na abiria, mawimbi yakiunyanyua kidogo, wameshaondoka.

Watoto wafundisheni mambo haya kabla hamjawafundisha kuogelea, tena kwa vitendo. Kama tanga liko juu, lishushwe kwanza, kabla ya kulia na kabla ya kuita. Wakae chini kabisa, sakafuni, si juu ya mbao. Wasiruke nje hata ufuko ukionekana karibu. Mtumbwi wa mbao usio na injini kwa kawaida huendelea kuelea hata ukijaa maji, na unaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Kama kuna ndoo, ifungwe kamba kwenye mkono wa ndoo, kamba ifungwe omoni, yaani mbele ya mtumbwi, ndoo itupwe majini. Itajaa na kuvuta kinyume, omo itageukia mawimbi, na mwendo wa kupotea utapungua sana. Waonyesheni hili siku tulivu, mtu mzima akiwa ndani. Watoto hulipenda, wanaliona mchezo.

Na maji wanywe. Baharini mtu hufa kwa kiu akiwa amezungukwa na maji. Hapa ni maji baridi. Kichocho kinapatikana zaidi kandokando ya ziwa, kwenye konokono na majani, na hata mtoto akirudi na tumbo la kuhara, hilo lina dawa. Kinachowaua ni jua la mchana na baridi ya usiku. Maji ya nyuzi 25 tunayaita ya uvuguvugu, lakini mwili una 37, na mtoto aliyelowa kwenye upepo hupoteza joto haraka. Nimewahi kuona watoto wawili wa mwalo wetu wakirudishwa na wavuvi wa dagaa baada ya usiku mzima. Mkubwa alikuwa amemlaza mdogo sakafuni na kumfunika kwa tanga lenyewe. Hakufundishwa na mtu.

Ikishatokea, usiruhusu mzazi arukie majini kuufuata mtumbwi. Mtamtafuta na yeye. Tazama saa, tazama upepo unaelekea wapi, mpeleke mtu mwenye simu mahali pa juu. Aliyekaa mtumbwini haoni zaidi ya kilomita 4 hivi, ila aliyeko mita 50 juu ya maji anaweza kuona hadi kilomita 25 hewa ikiwa safi. Hapa Lolwe tuna mawe makubwa, pandeni. Mitumbwi ya injini itoke miwili kwa pamoja, ifuate upepo, iachane kiasi cha kuonana, na mmoja ubebe mafuta ya akiba. Wakati huohuo mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, apigiwe, na polisi kwa 999 au 112. Angalia simu yako imeshika mtandao wa nchi gani, maana huku inaruka kwenda Kenya bila kukuuliza. 112 ndiyo rahisi kukumbuka, inatumika nchi zote tatu za ziwa hili, Uganda, Kenya na Tanzania.

Giza likiingia kabla hawajapatikana, wapeni habari wavuvi wa dagaa wa mialo yote ya jirani kabla hawajatoka. Usiku usio na mwezi wao ndio macho ya ziwa. Wakati wa mbalamwezi wengi wao hupumzika, hivyo msiwategemee. Tafuteni mitumbwi ya sangara.

Wakipatikana, wavueni nguo zilizolowa, uji wa moto, kisha kituo cha afya hata kama wanacheka. Mtoto aliyemeza na kupaliwa na maji anaweza kuanza kubanwa na kifua saa kadhaa baadaye. Msiwachape siku hiyo. Waliowaokoa wakiwa upande wa Kenya au Tanzania, nendeni na barua ya LC, na kabla hamjaulizia mtumbwi wala injini ya mtu, walipeni mafuta waliyochoma na samaki waliowaacha. Tajiri mwenye mtumbwi akisema hilo halimhusu, mkumbusheni nani aliliacha tanga juu.