Kwa Mnaoanza Kazi Kwenye Nyumba za Kale za Mwaloni Uingereza

Anayeanza kazi ya kukarabati nyumba hizi huwa na haraka ya kushika patasi, ilhali siku zake za mwanzo zingefaa ziwe za kutazama tu. Nyumba kama zile za Lavenham, katika mkoa wa Suffolk, nyingi zikiwa za karne ya 15 na ya 16, hazibebwi na kuta bali na kiunzi cha mwaloni. Ukuta ni fito zilizokandikwa udongo wenye nyasi na kinyesi cha ng'ombe, kisha ukapigwa chokaa. Aliyewahi kukandika nyumba kwao kijijini ataielewa kazi hii upesi kuliko aliyezoea matofali.

Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu mno. Viungo ni vya tundu na ulimi, yaani ncha ya mbao moja huchongwa iwe ulimi unaoingia kwenye tundu la mbao nyingine, na tundu la kigingi lililo kwenye ulimi lilisogezwa makusudi milimita chache, ili kigingi kikigongwa kiuvute ulimi ndani na kukikaza kiungo. Mbao zilipokauka zilipinda na kupasuka kufuata nyuzi zake; nyufa hizo aghalabu hazina madhara, kwa hiyo msikimbilie kuziziba.

Adui ni maji yasiyo na pa kutokea. Mwaka wangu wa pili chokaa ilituishia mvua ikiwa inakaribia, nami nikaziba kipande cha lipu kilichobomoka, juu kidogo ya boriti ya chini, kwa saruji. Kazi ilipendeza, hata nikasifiwa. Baada ya misimu michache ya baridi nilirudi, nikaichoma boriti ile kwa bisibisi, nayo ikazama karibu hadi kwenye mpini: maji yaliingia kwa ufa mwembamba kama unywele, saruji ikayazuia yasitoke. Chokaa ingeyaacha yakauke. Tulikata sehemu iliyooza tu, tukaunga mwaloni mpya, jambo ambalo kwa nyumba zilizohifadhiwa kisheria huhitaji kwanza kuuliza halmashauri iwapo kibali chatakiwa, kwani kubadili nyumba hizo bila kibali ni kosa la jinai.

Kabla ya kufungua kiungo chochote, tafuteni namba za Kirumi zilizochorwa kwa ncha ya chuma karibu nacho. Kiunzi kilijaribiwa kwanza kiwandani kwa seremala, kikafunguliwa, kikapelekwa kusimamishwa, na namba hizo ndizo zilizoonyesha ulimi upi ni wa tundu lipi. Nne mara nyingi imeandikwa IIII, msidhani fundi alikosea.

Mwenye nyumba atawaambia kwamba boriti zake zilitoka kwenye merikebu, na atawaonyesha matundu matupu kuwa ushahidi. Msibishane naye mbele ya wageni wake. Pimeni nafasi kati ya tundu na tundu: mkiyakuta yamepangika sawia chini ya boriti, huenda hapo palikuwa na ukuta ulioondolewa, na yakiwa yametawanyika ovyo, yaelekea boriti ilitoka kwenye nyumba nyingine iliyotangulia.