Kabla hujagusa Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, jua kugeuza joto kuwa frikwensi

Wadogo zangu mnaosoma fizikia hapa Mbeya na Iringa, wengi mnanambia mnataka kusomea mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, ya mwanzo wa ulimwengu kwa sababu mlisikia LIGO, ile mitambo ya Marekani ya kunasa mawimbi hayo, walinasa wimbi mwaka 2015. Lile lilitoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana. Sisi huku tunatafuta la zamani zaidi, la ndani ya sekunde ya kwanza kabisa, na mwanga hautufikishi huko maana ulikwama kwenye moto ule miaka kama 380,000 ndo ukapata njia, ila wimbi la uvutano likishazaliwa linapita tu.

Chukua mawese ya Kyela uyapandishe Mbeya mwezi wa saba. Yanaganda taratibu, yanazidi kuwa mazito, huwezi kusema yameganda saa ngapi, na hayapigi kelele. Sa bandika maji jikoni, mapovu yanazaliwa yanakua yanagongana mpaka sufuria inanguruma. Ulimwengu ulipopoa hadi kama GeV 160 (GeV ni kipimo cha nishati, sisi tunakitumia pia kwa joto) ndipo Higgs, uga uliojaa kila mahali, ikaanza kuzipa chembe uzito, na kwa chembe tunazozijua leo mahesabu yanaonyesha mambo yalienda kimawese, kimya kimya. Kwa hiyo LISA, ile mitambo mitatu ya Ulaya itakayokaa angani kilomita milioni 2.5 kutoka mmoja hadi mwingine, ikipaa miaka ya 2030 na kusikia mngurumo wa mapovu, yaani mawimbi ya uvutano ya mapovu ya ulimwengu yaliyogongana, basi kuna chembe hatujawahi kuiona! Mi hiyo ndo inayoninyima usingizi mpaka leo.

Sasa kalamu. Anza na joto la GeV 100, tafuta upeo wa ulimwengu wa wakati ule, yaani umbali ambao mwanga ungeweza kufika, geuza kuwa frikwensi ya wimbi lenye urefu huo, ishushe kwa jinsi anga ilivyotanuka, unapata kama hezi 0.0000165. Mi niliishia hapo nikaandika kwenye ripoti kwamba LISA haitasikia kitu, msimamizi akanirudishia, na alikuwa sahihi kabisa, povu ni dogo kuliko upeo. Likiwa sehemu moja ya mia ya upeo, frikwensi inapanda mara mia, unatua kwenye milihezi 1.65 ambako LISA inasikia vizuri.

Rudieni hesabu ile ya upeo mzima, bila kuzidisha mara mia, kwa MeV 100 (MeV ni sehemu moja ya elfu ya GeV), na msisahau kwamba aina za chembe zilizobaki kwenye joto hilo ni chache. Ukipata nanohezi kumi na kidogo uko sawa, hapo ndo eneo la pulsa, nyota zilizokufa zinazozunguka na kupiga kama saa, ambalo NANOGrav, kikundi cha watafiti wanaozipima, walitangaza ishara yao mwaka 2023, ila usikimbilie kusema ni chembe mpya, mashimo meusi makubwa yanayozungukana wawili wawili yanaweza kutoa mngurumo huohuo.