Kulinganisha biashara ya mbao ngumu: tumia mita za ujazo, si dola

Umeuliza ulinganishe vipi nchi zinazouza mbao ngumu nje, kwa kipindi cha miaka 30 hivi. Achana na thamani kwa dola. Bei ya mti mmoja na mwingine hutofautiana mno, na hapo hujapima ujazo. Chukua takwimu za FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), zinaanzia 1961, sehemu ya mbao zilizopasuliwa zisizo za misonobari na jamii yake; humo ndimo mbao ngumu zinahesabiwa. Ukikuta takwimu za Marekani kwa futi za mbao (board feet: ubao wa futi moja kwa futi moja, unene inchi moja), futi za mbao 1,000 ni kama mita za ujazo 2.36.

Ila mtego mkubwa ni magogo. Gabon ilipiga marufuku kuuza magogo nje mwaka 2010. Ukitazama mbao peke yake utadhani misitu imeanza kuvunwa upya, kumbe gogo lililokuwa linapanda meli zima sasa linapasuliwa kwanza nyumbani. Na usijumlishe tu mita za magogo na za mbao, maana sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa mabanzi na vumbi la msumeno. Indonesia nayo ilizuia magogo mwaka 1985, lakini kule mti mwingi uliishia kwenye plaiwudi, ambayo ina safu yake kwenye takwimu. Ukiisahau, nchi nzima inapotea kwenye chati!

Halafu linganisha alichoandika muuzaji na alichoandika mnunuzi. Mara nyingi havilingani, na mimi humwamini zaidi mnunuzi, kwa sababu forodha yake inatoza ushuru kwa kinachoingia.