Gia Imegoma Kutoka P? Angalia Taa za Breki Kwanza

SWALI: Habari ya kazi fundi. Mimi nakaa Embakasi, gari yangu ni stesheni wagoni otomatiki. Jumatatu asubuhi nimeingia kwa gari na watoto, imestati vizuri tu, nikakanyaga breki nitoe gia kwa P (ile ya kupaki) nirudi nyuma, wapi! Ile batani ya leva haibonyezeki hata kidogo, nimehangaika karibu nusu saa mpaka watoto wakapelekwa shule na boda. Makanika wa hapa mtaani akasema giaboksi imekufa nianze kutafuta ingine. Jioni kijana wa jirani akatoa kifuniko kidogo kando ya leva, akadunga bisibisi, gia ikatoka mara moja. Sasa hii ni siku ya nne naendesha hivyo, bila bisibisi sitoki. Kweli ni giaboksi?

JIBU: Dada yangu pole sana, na tafadhali usitoe hata shilingi ya giaboksi. Giaboksi iliyokufa haifufuliwi na bisibisi. Ile kitu inakuzuia ni loki ya gia. Hapo chini ya leva kuna solenoidi, yani koili ndogo ya waya na kipini cha chuma, ukikanyaga breki umeme unafika kwa koili, kipini kinavutwa na leva inaachiliwa. Umeme usipofika kipini kinabaki pale pale na gia inabaki P, hata kama giaboksi yenyewe imeshuka meli jana. Yule kijana alisukuma kwa mkono kile ambacho umeme ulifaa kuvuta, basi.

Lakini kuna kitu hujaniambia na ndicho kinanipa wasiwasi: taa zako za breki zinawaka? Manake kwa magari mengi tunayoendesha hapa, swichi inayoambia loki kwamba umekanyaga breki ndio hiyo hiyo inawasha taa za nyuma. Kwa hivyo kabla hujaendelea kusoma, ita mtu asimame nyuma ya gari wewe ukanyage. Kama haziwaki basi umekaa siku nne kwa barabara ya Outer Ring bila taa za breki, na ile matatu iko nyuma yako haina vile itajua umepunguza. Ipaki leo. Gia inaweza ngoja, hiyo haiwezi.

Zikikataa zote, pamoja na ile ya juu ya buti, usianze kununua balbu. Balbu tatu haziungui siku moja, na hata zikiungua kwa kawaida gia ingetoka tu, sababu loki inachukua umeme wake kutoka kwa swichi wala si kwa balbu. Enda kwa boksi ya fyuzi utafute iliyoandikwa STOP. Ikiwa imeungua weka ingine ya ampia zile zile zimeandikwa kwa kifuniko, usiongeze, na mtu asikufungie ile karatasi ya kung'aa ya sigara, nimeona waya zikiyeyuka kwa sababu hiyo.

Fyuzi ikiwa nzima panda hadi kwa swichi yenyewe, iko juu ya pedali ya breki, inabidi uiname mpaka kichwa kiingie chini ya stering. Mwambie fundi wa waya aweke multimita, ile mashini ya kupima umeme, nyuma ya plagi bila kuichomoa. Waya moja inafaa kuwa na volti kama 12 saa zote, ya pili isiwe na kitu mpaka ukanyage, hapo nayo ipande 12. Ile ya kwanza ikiwa kavu, umeme unapotelea kabla ya swichi. Ikiwa na umeme na ya pili haipandi ukikanyaga, swichi imekufa, na hiyo ni spea ndogo sana ukilinganisha na giaboksi, enda kwa maduka ya spea Kirinyaga Road na ile ya zamani mkononi walinganishe idadi ya pini, kuna za mbili na kuna za nne.

Sasa kwa stesheni wagoni kama yako kuna mahali naangalia hata kabla sijafungua dashbodi. Fungua buti, uone ule mpira mweusi umekunjwa kama mkonga kati ya bodi na mlango, pale kwa bawaba. Ndani mnapita waya za taa ya breki ya juu, na kila ukifungua buti zinajikunja mahali pamoja, miaka na miaka. Kuna gari moja nilivuta ule mpira nikakuta waya tatu zimepasuka plastiki, shaba imekuwa nyeusi, na moja inagusa bodi. Mwenyewe alikuwa amebadilisha fyuzi mara nne na kila mara inakaa siku mbili tatu halafu inaungua, kumbe ilikuwa inaungua siku ya shopping, buti ikifunguliwa. Tuliunga waya na solda, tukaongeza urefu kidogo ili isivutike, na gia ikarudi kawaida. Kwa hivyo kumbuka vizuri, Jumapili jioni ulifungua buti?

Na multimita inaweza kukudanganya hapo. Waya iliyobaki na uzi mmoja wa shaba itasoma 12 vizuri kabisa, sababu multimita haivuti umeme wa maana, lakini balbu ya breki ya wati 21 inataka karibu ampia 1.75 na huo uzi mmoja unaweza kushindwa kuibeba. Fundi ambaye ana balbu ya zamani imefungwa waya mbili za kupimia atakuambia ukweli kuliko mwenye mashini ya bei.

SWALI: Yangu ni kinyume, taa za breki hazizimi hata nikitoa ufunguo, betri iko chini kila asubuhi, na gia inatoka P bila kukanyaga kitu. Niko Kangemi.

JIBU: Angalia kapeti chini ya pedali. Ukiona vipande vya plastiki vimevunjika kama maganda, umepata. Kwa mkono wa pedali kuna kijipedi kinachosukuma pini ya swichi ukiachilia breki. Kikivunjika pini inapita kwa tundu, swichi inaona kama umekanyaga breki usiku kucha. Ni kitu cha dakika kumi na bei yake haitakuumiza, ila usiache hivyo, na usiku ukilala tenganisha betri mpaka utengeneze.

SWALI: Fundi, mimi taa zinawaka poa, fyuzi nzuri, na bado gia haitoki P. Wakati mwingine inatoka baada ya kujaribu mara kumi.

JIBU: Basi swichi ya breki unaweza kuiacha kwanza, tafuta shida chini ya leva. Zima redio, weka ufunguo kwa ON bila kustati, handibreki juu, kanyaga na usikilize karibu na leva. Ukisikia tik na leva haitoki, kitu kimekwama kimashini, na hapa nimetoa soda ya watoto iliyokauka kama gundi, nimetoa hata shilingi tano. Usiposikia kitu, fungua konsoli, ile plastiki inazunguka leva, upime plagi ya solenoidi ukikanyaga: umeme ukifika na haivuti, koili imekatika, umeme usipofika ni waya au ile swichi ndogo inayoambia gari kwamba leva iko P. Na betri chovu pia inafanya hivi, pima hiyo kwanza, ikiwa imelala na inasoma chini ya 12 hata hauna haja ya kufungua konsoli.

Kama unapaki kwa mteremko na batani inabonyezeka lakini leva ni nzito, hiyo si umeme. Uzito wa gari umelalia kile chuma cha P ndani ya giaboksi. Vuta handibreki kwanza, acha gari ilale juu yake, ndio uweke P.

SWALI: Makanika anasema ataitoa hiyo loki kabisa nisisumbuliwe tena. Nikubali?

JIBU: Hapana. Marekani walipitisha sheria 2008, na magari madogo ya otomatiki yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2010 lazima yawe na hii loki, sababu watoto walikuwa wanachezea leva, gari inatoka P na kubingirika na watu wako nyuma. Hapa kwetu mtoto anaachwa kwa gari ufunguo uko ON ndio asikize redio, mama ameshuka kufungua geti. Mwambie makanika apime swichi na fyuzi kama nilivyoandika hapo juu. Mpaka amalize, ukitumia bisibisi handibreki iwe juu na mguu uwe kwa breki kabla hujadunga.